Tuichunguze Namba 5,040

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa darasa la hesabu)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya namba kubwa. Wengine wenu mmeniambia, "Katibu, hesabu za makumi na mamia tunaziweza. Lakini namba ikifika maelfu, macho yanaogopa." Nawaelewa. Hata mimi niliogopa, tena wakati huo nilikuwa katibu wa kikundi, kazi yangu ni kuandika namba!

Leo sikuleta namba nyingi. Nimeleta moja tu. Hii hapa ubaoni:

5,040

Tusome pamoja. Elfu tano na arobaini. Tarakimu zake ni nne. Tano inakaa katika nyumba ya maelfu. Nyumba ya mamia haina mtu, ndiyo maana tumeweka sifuri. Nne inakaa katika nyumba ya makumi. Na nyumba ya mamoja nayo haina mtu. Ziangalieni vizuri hizo sifuri mbili. Moja kati yao ilitaka kumpeleka mtu polisi.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa katibu wa kikundi cha watu 24. Tulifyatua matofali, tukayachoma kwa tanuru, ili baadaye tugawane kila mtu akajenge kwake. Tanuru lilipopoa tuliyatoa matofali, tukayapanga kwa mafungu. Kila fungu matofali sabini. Mimi nilizunguka na karatasi nikihesabu na kuandika. Usiku, kwa mwanga wa kibatari, nikaihamisha hesabu ile kutoka kwenye karatasi nikaiandika katika daftari la kikundi. Karatasi yenyewe asubuhi iliwashia moto wa chai. Matofali tukamkabidhi mlinzi, mzee mmoja mpole ambaye hakujua kusoma wala kuandika.

Baada ya wiki mbili tukakusanyika kugawana. Tukahesabu upya, tukapata 5,040. Nikafungua daftari. Daftari likasema 5,400. Basi yamepotea matofali 360!

Wee! Mnajua wenyewe kikao kinavyochafuka. Huyu anasema mlinzi akatwe mshahara, yule anasema mshahara hautoshi, apelekwe polisi. Mzee akasema, "Mimi sijachukua hata nusu tofali." Akaingia kibandani mwake, akatoka na kopo la maziwa. Ndani mna kokoto. Akasema, "Siku mliyonikabidhi nilitia kokoto moja kwa kila fungu. Zihesabuni." Tukazihesabu, zikawa 72. Mtu mmoja akauliza, "Tangu lini kokoto zikashindana na daftari?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nalisema hilo kwa aibu.

Sasa tumwache mzee kwanza, amesimama pale na kopo lake. Tuitazame namba yenyewe, maana jibu lilikuwa ndani yake.

Mtu akikutana na namba kubwa, asikimbilie kuihesabu. Aiulize maswali. Swali la kwanza ni jepesi: wewe ni shufwa au witiri? Namba shufwa inagawanyika kwa mbili bila baki. Witiri ikigawanywa kwa mbili hubaki moja haina mwenzake. Kujua hilo huna haja ya kutazama namba yote. Tazama tarakimu ya mwisho tu. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, ni shufwa. Yetu inaishia na sifuri, kwa hiyo ni shufwa. Kwa sababu hiyohiyo ya sifuri mwishoni, inagawanyika kwa tano na kwa kumi.

Je, kwa nne? Hapo tazama tarakimu mbili za mwisho, yaani 40. Arobaini inagawanyika kwa nne, basi na 5,040 yote inagawanyika. Kwa nini hatujali zile za mbele? Kwa sababu kila mia moja inagawanyika kwa nne, mafungu 25. Mamia yana heshima yao tayari. Wasiwasi ni kwa kile kinachobaki nyuma ya mamia.

Je, kwa tatu na kwa tisa? Hii ndiyo ninayoipenda mimi. Jumlisha tarakimu zote: 5 na 0 na 4 na 0. Jumla ni 9. Jumla ikigawanyika kwa tisa, namba yote inagawanyika kwa tisa. Ikigawanyika kwa tatu, namba yote inagawanyika kwa tatu. Mama mmoja hapa mbele ananitazama kama mganga wa kienyeji! Hapana mama, si uganga. Chukua matofali kumi. Ukitoa tisa, linabaki moja. Chukua mia, utoe 99, linabaki moja. Chukua elfu, utoe 999, linabaki moja. Hizo 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa tisa. Basi katika elfu tano, kila elfu inabakiza tofali moja, yanabaki matano. Katika makumi manne, kila kumi linabakiza tofali moja, yanabaki manne. Matano na manne ni tisa. Nayo hayo tisa yanatosha fungu moja la mwisho. Kwisha.

Kwa saba hakuna njia ya mkato iliyo nyepesi kama hizo. Gawanya tu. Saba katika 5,040 inaingia mara 720, haibaki hata moja. Kwa sita inagawanyika, mara 840. Kwa nane, mara 630. Hebu angalieni sasa: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10. Zote zinaigawanya namba hii bila baki! Kumi na moja ndiyo inayokataa. Inaingia mara 458, halafu yanabaki mawili. Kumi na mbili inakubali tena, mara 420.

Namba inayogawanya nyingine bila kubakiza tunaiita kigawo. 5,040 ina vigawo vingapi? Tusivitaje vyote, tutalala hapa. Lakini njia ya kuvihesabu ni nzuri, nitawaonyesha.

Kwanza tuivunje namba yetu mpaka isivunjike tena. 5,040 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7. Zidisheni wenyewe nyumbani mhakikishe. Hizo 2, 3, 5 na 7 ni namba tasa. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jina hili si zuri, najua, humu darasani limewachoma baadhi ya mama zangu. Lakini ndilo lililomo vitabuni. Mimi ningeziita namba za msingi, maana namba nyingine zote kuanzia mbili hujengwa kwa hizo kama nyumba kwa matofali.

Sasa, kutengeneza kigawo unachukua baadhi ya matofali hayo. Za mbili ziko nne. Unaweza usichukue hata moja, au uchukue moja, au mbili, au tatu, au zote nne. Hizo ni njia tano. Za tatu ziko mbili, kwa hiyo njia ni tatu. Tano iko moja: uichukue au uiache, njia mbili. Na saba vilevile, njia mbili. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2. Jibu ni 60. Namba 5,040 ina vigawo 60, ukihesabu moja na yenyewe. Na kila kigawo kina mwenzake: 24 na 210, 60 na 84, 63 na 80, na wawili wa mwisho kukutana ni 70 na 72. Hao wawili wa mwisho wakumbukeni, tutawahitaji.

Sitini ni vigawo vingi mno. Anza kuhesabu tangu moja, nenda mpaka 5,039, hutakuta namba hata moja yenye vigawo vinavyofika sitini. Namba za namna hii, zinazozishinda zote zilizo chini yake kwa wingi wa vigawo, zilichunguzwa sana na Mhindi mmoja jina lake Srinivasa Ramanujan. Aliandika juu yake mwaka 1915, akiwa Uingereza. Kabla ya kwenda huko mwaka 1914 alikuwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras. Karani, jamani! Mtu wa daftari kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye hakuchanganya tarakimu.

Tena namba hii ina historia ya zamani zaidi. Katika nchi ya Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwako mwanafalsafa aliyeitwa Plato. Katika kitabu chake juu ya sheria alieleza mji wa kufikirika, mji mpya uliokuwa haujajengwa. Akasema wenye mashamba katika mji huo wawe 5,040, wasizidi wala wasipungue. Kwa nini? Kwa sababu idadi hiyo utaigawa utakavyo: kwa kodi, kwa vita, kwa mashamba, na hakuna mtu atakayebaki nje ya fungu. Mji aliugawa katika kabila 12, na kila kabila likapata watu 420. Hata ile kasoro ya kumi na moja aliijua. Alisema ukiondoa nyumba mbili tu, dawa imepatikana. Ni kweli, 5,038 inagawanyika kwa kumi na moja. Lakini na mimi naongeza neno langu: katika hizo nyumba 5,040 watumwa hawakuhesabiwa kuwa na fungu. Namba ilikuwa nzuri, hesabu ya watu haikuwa nzuri.

Wagiriki hao walikuwa na njia nyingine ya kuzipanga namba. Chukua vigawo vyote vya namba, uiache yenyewe, uvijumlishe. Ya nane ni 1, 2 na 4, jumla 7. Saba haifiki nane, basi nane ni namba iliyopungua. Ya sita ni 1, 2 na 3, jumla 6. Imetoka sawasawa! Sita ni namba iliyotimia. Namba kama hizo ni adimu: baada ya 6 ni 28, kisha 496, kisha 8,128. Ya kumi na mbili ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16. Hiyo ni namba iliyozidi. Na hii yetu? Vigawo vyake 59, ukiiacha yenyewe, jumla yake ni 14,304. Karibu mara tatu ya namba yenyewe! Imezidi kweli kweli.

Nilisema matofali sabini kwa kila fungu, na mafungu 72. Sasa fikirini tofali moja tu likiongezwa. Yanakuwa 5,041. Tofali hilo moja linabadilisha kila kitu. 5,041 ni 71 mara 71. Unaweza kutandaza sakafu ya mraba, mistari 71, kila mstari matofali 71, na hakuna pengo. Lakini ukitaka kugawana, huwezi kugawa ila kwa watu 71, au umpe mtu mmoja yote, au watu 5,041 kila mmoja lake.

Sasa toa tofali moja badala ya kuongeza. Yanabaki 5,039. Hiyo ni namba tasa. Haikubali kugawanywa kwa mbili, wala kwa saba, wala kwa 24, wala kwa idadi yoyote ya watu, ila mtu mmoja au watu 5,039. Nimejuaje? Nimejaribu. Na sikujaribu namba elfu tano. Nilijaribu namba tasa zilizo chini ya 71 peke yake, nazo ni 19. Kama namba hii ingekuwa na vigawo viwili vinavyozidishana, hakika kimoja kingekuwa chini ya 71, maana 71 mara 71 imeshapita. Zile 2, 3, 5 na 7 hazikunisumbua: kwa kuwa zinaigawanya 5,040, haziwezi kuigawanya namba iliyo nyuma yake kwa moja. Zikabaki 15. Ni kazi ya jioni moja na kibatari. Basi mtu akikuandikia kwamba vitu vizima 5,039 viligawiwa sawasawa kwa watu 24 na havikubaki, huna haja ya kumwita shahidi.

Mnaona majirani hawa watatu? Wamekaa pamoja, na tabia zao hazifanani hata kidogo.

Jambo jingine dogo, halafu nirudi kwa mzee. 5,040 ni 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Maana yake ni hii. Waiteni watu saba hapa mbele, wakae kwenye benchi. Wa kwanza kukaa anaweza kuwa yeyote kati ya saba, wa pili yeyote kati ya sita waliobaki, na kuendelea hivyo. Namna za kukaa ni 5,040. Wakikaa kwa namna moja kila siku bila kurudia, watamaliza baada ya miaka 13 na miezi zaidi ya tisa! Huko Uingereza wako wapiga kengele za makanisa ambao huzipiga kengele saba kwa kila mpangilio, mara moja moja, yote 5,040. Kazi hiyo huchukua kama saa tatu.

Haya, turudi kikaoni. Mzee bado amesimama.

Palikuwa na mama mmoja mwanachama wetu, alikuwa amefaulu hatua ya nne ya kisomo. Hakuwa msemaji. Siku hiyo akanyanyua mkono, akasema, "Katibu, samahani. Hebu igawanye hiyo namba ya daftari kwa sabini." Nikagawanya 5,400 kwa 70 chini, kwa kijiti, mbele ya watu wote. Ikaingia mara 77, yakabaki kumi. Mama akauliza, "Haya, nani kati yetu alipanga fungu la matofali kumi?"

Kimya.

Hakuna aliyelipanga. Kila mtu alikumbuka kwamba siku ile mafungu yote yalitimia. Fungu la mwisho lilipotimia tulipiga makofi, mimi mwenyewe nikiwamo. Mama akasema, "Sasa gawanya ya leo." 5,040 kwa 70. Ikaingia mara 72, haikubaki. Macho yote yakahamia kwenye kopo la mzee.

Ndipo mwalimu wa kisomo, aliyekuwa amekaa pembeni kama mgeni, akaja pale chini nilipoandika. Akaandika ile tofauti, 360. Akasema, "Jumlisha tarakimu." 3 na 6 na 0. Tisa. Akasema, "Hesabu mbili zikitofautiana kwa namba inayogawanyika kwa tisa, kabla ya kumtafuta mwizi tazameni kama tarakimu hazikubadilishana nyumba."

Kwa nini tisa? Nne ikikaa katika makumi ni 40. Ikihamia katika mamia inakuwa 400. Imeongezeka 360, yaani 90 mara nne. Tarakimu ikihama kutoka mamoja kwenda makumi, kila moja inaongeza tisa. Kutoka makumi kwenda mamia, kila moja inaongeza 90. Kutoka mamia kwenda maelfu, 900. Zote hizo ni za tisa. Kwa hiyo tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti lazima igawanyike kwa tisa.

Lakini jihadharini hapa. Tisa haitoi ushahidi kamili. Mwizi naye anaweza kuiba matofali 360, au 90, au 18. Tena ile hesabu ya kujumlisha tarakimu peke yake haingetusaidia, maana 5,040 na 5,400 zote jumla yake ni tisa. Tarakimu ni zilezile, zimebadilishana nyumba tu. Iliyozitenganisha ni saba. 5,040 inagawanyika kwa saba, 5,400 haigawanyiki. Tisa ilituonyesha mahali pa kutafuta, saba ikatuambia ipi ya kweli, na kokoto za mzee zikathibitisha.

Basi nikasimama. Nikasema kosa ni langu, nilihamisha namba usiku, nne nikaiweka katika mamia na sifuri nikaishusha katika makumi. Kikundi kikaamua tangu siku hiyo karatasi ya kwanza isichomwe, na hesabu isomwe kwa sauti na mtu wa pili kabla ya kutiwa katika daftari. Tukagawana matofali, kila mtu 210. Nilimwendea mzee nikamwomba radhi mbele ya wote. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nirudishieni kopo langu."

Haya ndugu zangu, saa zimekwenda. Nawaachieni kazi ya nyumbani. Ya kwanza: tafuteni namba 7,560 ina vigawo vingapi. Nitawaambia tu kwamba ni vingi kuliko 60, njia mnayo. Ya pili: daftari la ghala linasema magunia 7,650, lakini ghalani yamehesabiwa 7,560. Tofauti ni ngapi, na mtaanza kutazama wapi? Tukikutana tena msinijibu kwa mdomo. Njooni nayo imeandikwa.